Msiba wa Mahindi ya Isdori

Chala, 6 Oktoba 1996

Mdogo wangu Isdori,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini umeitikia hata kama uko dukani na wateja wanakutazama. Sisi tu wazima, kasoro mgongo wa shemeji yako Adolfu, ambao huuma siku za kulima na kupona siku za pombe. Kalista amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la mama yetu, Silvana. Msalimie wifi yangu Herieth, mwambie kitenge alichonitumia nimekivaa kanisani mpaka majirani wameanza kuungama wivu.

Mzigo wako umefika kwa basi la Namanyere. Nimezifungua hizo mbegu za chotara. Isdori, ni za kula au za kwenda nazo harusini? Nyekundu kama midomo ya wasichana wa Majengo. Adolfu amesoma maagizo yako kwa sauti, mara mbili: tulime shamba la mama lote kwa plau, liwe tambarare, tupande mahindi haya peke yake, ulezi tuuache, na ntumba tusipige tena. Umeandika kwamba vile vilima vya mviringo vya nyasi zilizogeuzwa na kufukiwa ni "kilimo cha enzi za babu". Nakukumbusha kwamba ni hivyo vilima vya babu vilivyokusomesha mpaka kidato cha nne, ukajua kuandika neno "tambarare".

Sikatai kwamba mambo yamebadilika. Zamani tulipanda baada ya sikukuu ya Marehemu Wote, na ikifika Noeli tunapalilia. Siku hizi Noeli tunapanda mara ya pili, na wengine mara ya tatu, mbegu imekuwa kama sadaka tunayoitupa chini bila kujua kama imepokelewa. Lakini naogopa kuweka tumbo la nyumba nzima katika mfuko mmoja wenye picha ya mzungu anayecheka.

Unajua hali ilivyo. Shamba la mama kwa jina ni lako, kwa kuwa wewe ndiye mwanaume uliyebaki. Kwa jasho ni langu. Sina jingine. Lile la Adolfu liliishia kwa kaka zake. Nikilipoteza hili, nitakuwa mgeni katika kijiji nilichozaliwa.

Sasa nikuulize. Wiki iliyopita alikuja mtu mrefu, Msukuma kwa lafudhi yake, akatembea shambani kwa mama kutoka mtoni hadi juu, anahesabu hatua. Aliniamkia vizuri sana, akaondoka. Ulimtuma wewe?

Nakuombea.

Dada yako,
Epifania


Majengo, Sumbawanga, 2 Novemba 1996

Dada mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu za upendo kutoka katika familia yangu, ambayo inaendelea vyema isipokuwa mafua. Tumefurahi sana kusikia habari za mjukuu. Duka liko pale pale.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya semina. Tulioalikwa ni wafanyabiashara wa pembejeo wa mkoa mzima, tukakaa katika ukumbi wenye viti vya kuzunguka. Alikuja mtaalamu na mashine inayotupa picha ukutani. Dada, laiti ungeona! Kwa ufupi ni kwamba dunia inapata joto. Viwanda vinatoa moshi, moshi unazuia joto kutoka, na mvua zinapoteza ratiba. Mvua zitakuwa fupi, zitakuja kwa fujo, na katikati yake kutakuwa na ukame. Mkulima asiyekwenda na wakati ataachwa. Ndiyo maana nikakutumia mbegu ya muda mfupi. Ulezi hauna soko. Ntumba zinakula nguvu kazi. Ruzuku ya mbolea imeondolewa, serikali imetuachia wenyewe, sasa ni soko huria, na katika soko huria kila mtu ni mkurugenzi wa shamba lake.

Nakuomba ulime tambarare lote. Tambarare ni muhimu.

Kuhusu huyo mtu uliyemwona, huku mjini upepo ni mkali sana mwaka huu, mabati ya jirani yameng'oka.

Mdogo wako,
Isdori M.


Chala, 14 Desemba 1996

Isdori mdogo wangu,

Amani ya Majilio iwe nawe. Mjukuu ana afya, analia kama king'ora. Katekista wetu mzee Evaristi ameanguka kwenye baiskeli akitoka kufundisha wakomunio, sasa anafundisha akiwa amelala, na watoto wanasema hivyo anaeleweka zaidi.

Pole kwa mabati ya jirani.

Tumelima tambarare kama ulivyoagiza. Mimi nilitaka nusu tu, nusu nyingine nipande ulezi, lakini Adolfu ana tabia ya kukubaliana na mtu aliyesema mwisho, na barua yako ndiyo ilikuwa ya mwisho. Tumekodi plau, maksai wamegeuza udongo wote, shamba la mama likabaki uchi kama kichwa kilichonyolewa. Tukazipanda hizo nyekundu zako. Mvua ikanyesha mara moja, vizuri. Mahindi yakaota yote kwa pamoja, yamenyooka kama wanajeshi. Adolfu akazunguka kijijini akisema "shemeji yangu". Mvua ikanyesha tena kidogo, kama mtu anayechungulia mlangoni kuona kama tupo. Halafu ikafunga.

Sasa yako urefu wa goti, majani yamejikunja kama tumbaku. Ukishika moja, linavunjika.

Sisi wanawake wa WAWATA tumefanya maandamano ya rozari kuomba mvua, kutoka kanisani mpaka mtoni. Bwana shamba alikuja na mwavuli. Nilifurahi sana, nikasema moyoni, huyu peke yake ndiye mwenye imani kati yetu. Kumbe ulikuwa wa jua.

Hata hivyo nilimkamata baada ya sala. Nikamuuliza, "Mwanangu, tufanye nini?" Akanijibu kitabu kizima: tupande mazao mchanganyiko, tusiuache udongo wazi, tutie samadi, tuchimbe makinga maji, tupande mihogo pembeni. Nikamwambia, "Haya yote mama yangu alikuwa anafanya, isipokuwa alikuwa hana mwavuli." Akacheka, kijana mwema. Akasema mwalimu wao chuoni hakuwataja akina mama.

Na hiyo habari yako ya moshi wa viwanda nimeifikiria nikipalilia. Hivi ni moshi wa kiwanda gani, Isdori? Hapa Chala tuna mashine moja ya kusaga, nayo haimalizi wiki bila kuharibika. Kwa hiyo wao wanapika huko kwao, sisi ndio tunaoungua. Hilo mtaalamu alilisema, au viti vilikuwa vinazunguka wakati huo?

Nakuuliza tena. Yule mtu aliyepima shamba ni nani?

Noeli njema.

Epifania


Majengo, 19 Januari 1997

Dada,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Sisi hatujambo. Herieth ameingia katika uongozi wa Jumuiya yetu, sasa nyumba yangu haina kiti kisichokaliwa na mtu anayesali.

Barua yako nimeisoma kwa masikitiko. Nisingependa tuilaumu mbegu. Mbegu ni nzuri, imefanyiwa utafiti. Kosa ni kwamba mlipanda kwa mvua ya kwanza. Ilitakiwa msubiri mvua ya kwanza ipite, halafu ya pili ithibitishe. Maelezo yote yapo kwenye paketi. Usikate tamaa, mahindi yanaweza kufufuka. Endelea kuyapalilia ili shamba lionekane safi. Hilo la kuonekana safi nalisisitiza.

Tafadhali niandikie haraka yamefikia wapi, maana kuna mtu anau, yaani kuna watu wanauliza maendeleo ya mbegu zangu kwa jumla.

Duka linaendelea kuwepo.

Isdori M.


Chala, Jumatano ya Majivu, 12 Februari 1997

Mpendwa Isdori,

Nimetoka kupakwa majivu, bado yako usoni, basi samehe barua hii ikiwa na harufu ya kaburi. Nyumbani wazima. Adolfu amejinyima pombe kwa Kwaresima na sasa mgongo unamuuma kila siku.

Nimeisoma paketi. Niliipeleka kwa Padri, maana imeandikwa Kiingereza. Akanitafsiria: "Weka mahali pakavu." Nikamwambia Padri, basi agizo hilo tumelitimiza sana.

Umeniuliza mahindi yamefikia wapi. Yamefika mwisho wa safari. Halikufufuka hata moja. Na mwishoni mwa Januari, mvua iliyokuwa imetukimbia ikarudi na hasira zote. Ilinyesha usiku na mchana. Jirani yetu Obed, aliyelima tambarare kama sisi, ameamka akakuta nusu ya udongo wake umehamia mtoni. Alisimama pale na jembe begani, akaniuliza, "Mama Kalista, nikiufuata mpaka Ziwa Rukwa nitarudishiwa?" Nikakimbia kwetu. Maji yalikwishaanza kuchimba njia katikati ya shamba la mama.

Isdori, sikukuandikia kuomba ushauri. Basi lilikuwa limekwama, na nilijua ushauri wako. Nikachukua jembe, nikawaita Kalista na wanawake wa Jumuiya, tukaanza kupiga ntumba. Tulikata magugu yote yaliyoota na mvua, tukayakusanya pamoja na mabua yako, tukageuza udongo juu yake. Tumeyazika, mdogo wangu. Tumeyalaza kwa safu, safu kwa safu, kutoka juu hadi mtoni, kila kilima na udongo wake kifuani. Adolfu alisimama pembeni akisema shemeji atasemaje. Nikamwambia shemeji aliye mbali hasemi, anaandika. Akaingia naye.

Maji sasa yanapita kati ya vilima taratibu, yanazunguka kama mtu mwenye adabu kati ya waliolala. Juu ya kila ntumba nitapanda maharage. Yataiva kabla ya baridi kali. Na mwakani, majani yakishaoza huko chini, nitavibomoa vilima na kumwaga ulezi, ule usio na soko, ambao hukaa ghalani miaka na haujawahi kuniuliza habari za semina.

U mavumbi, na mavumbini utarudi. Waliolala shambani kwa mama wapumzike kwa amani.

Hujanijibu kuhusu yule mtu. Nadhani nimeshaanza kujua.

Epifania


Chala, 20 Machi 1997

Isdori,

Tumsifu Kristo. Sisi wazima. Barua yako sijaipata, lakini mtu wako nimempata.

Amekuja juzi na maksai wanne, plau mpya, na vijana wawili. Anaitwa Bundala. Kumbe ndiye yule yule wa hatua. Mimi nilikuwa nimeinama napalilia maharage, ambayo yameshatoa majani mawili mawili juu ya vilima. Nikasikia kengele za ng'ombe zimenyamaza ghafla. Nikainua kichwa. Amesimama ukingoni, kofia mkononi, anatazama safu moja hadi nyingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Pole sana, mama."

Nilidhani ananipa pole ya kazi, nikasema nimeshapoa. Akatikisa kichwa polepole.

"Hapa wamelala wangapi?"

Isdori, naapa sikuwa nimepanga. Ulimi ulikuwa na jibu la kweli, la wazi, kwamba baba, hizi ni ntumba. Lakini nikaona ile plau nyuma yake inang'aa. Nikaona miezi sita ya barua zako zinazozungumzia upepo. Ulimi ukakaa.

"Ni wengi, baba," nikasema. "Waliondoka wote kwa pamoja."

"Ugonjwa?"

"Jua."

Akavua na kile kikofia kidogo cha ndani. Vijana wake wakavua pia. Akasema, "Isdori hakuniambia." Nikamwambia, "Isdori haniambii hata mimi." Tukasimama, kila mmoja na msiba wake. Halafu akaniambia makubaliano yenu. Kwamba umempa shamba la mama alime misimu mitatu, kuanzia wakati mahindi yakivunwa. Kwamba ulimwambia ni shamba tupu, tambarare, lisilo na mtu. Lisilo na mtu, Isdori! Nilijitazama miguu nione kama ninakanyaga chini.

Sasa nimeelewa kwa nini tambarare ni muhimu.

Aligeuza maksai wake akaondoka. Mimi nikaenda kuungama. Nilimweleza Padri yote, nikauliza kama kunyamaza ni uongo. Padri alikohoa muda mrefu sana nyuma ya kile kitambaa. Mwishowe akanipa rozari moja, akasema nisali fungu la mwisho kwa ajili ya mahindi.

Sitaandika tena mpaka uniandikie kitu chenye jina la mtu ndani yake.

Epifania


Majengo, 25 Aprili 1997

Dada Epifania,

Shikamoo.

Sina uhakika nianzie wapi, kwa hiyo naanzia sebuleni kwangu.

Wiki ya Pasaka nilirudi kutoka Mpanda nikakuta viatu vingi mlangoni. Ndani kumejaa watu. Herieth amejifunga kanga kiunoni, macho mekundu. Mwenyekiti wa Jumuiya akanikumbatia, akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mimi nikajua umekufa. Nikakaa chini sakafuni na suti yangu.

Ndipo Herieth akanionyesha barua yako ya Majivu. Ilichelewa barabarani, ikafika mimi nikiwa safarini, akaifungua. Yeye ni mtu wa Bukoba, wao wana migomba, hajawahi kuona ntumba hata moja. Amesoma "tumeyazika", amesoma "kwa safu", amesoma "wapumzike kwa amani". Kabla hajamaliza kulia, Bundala akapita dukani kuniulizia, akamwambia kwa mdomo wake kwamba shamba la mama mkwe limejaa makaburi mapya na wewe umebaki unayapalilia.

Nilipoelewa, nilifungua kinywa niwaambie ukweli. Nikawaona wamekaa pale wote, wazee wa Jumuiya, wauzaji wenzangu wa barabara nzima. Wangeniuliza Bundala alifuata nini shambani kwako. Nikafunga kinywa.

Kwa hiyo nimefiwa, Dada. Nimepokea rambirambi za mahindi. Wamekesha wanaimba. Wamekula mchele wangu wote, na fundi baiskeli ambaye hajawahi kuingia dukani kwangu amekula mara tatu akisema nijipe moyo. Walipouliza marehemu walikuwa nani, nikasema watu wa nyumbani. Walipotaka majina ya kusomewa misa, nikasema waandike tu Marehemu wa Ukoo. Mpaka leo wananipungia mkono kwa huruma. Mama mmoja ameniletea nguo za watoto yatima.

Naomba uandike kwa Jumuiya yetu, kwa upole, kwamba ilikuwa ni kutoelewana kwa lugha. Usieleze zaidi ya hapo. Na Bundala nilimpa maneno tu, hatukuandikiana. Nilifikiri mngelima wote pamoja. Mambo ya mjini ni magumu kuliko unavyodhani, sipendi kuyaandika.

Isdori


Chala, 8 Juni 1997

Mdogo wangu,

Asante kwa kukaa sakafuni. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Nililia kidogo, halafu nikafika kwenye fundi baiskeli nikacheka mpaka Adolfu akaja kuona nina nini. Naye amesoma. Anasema amekubaliana nawe kabisa, kwa hiyo nimemficha barua hii nikiandika.

Mwambie wifi anisamehe machozi yake. Mwambie akija nitamwonyesha marehemu mmoja mmoja.

Sasa habari za shamba. Maharage tumeshang'oa. Yamezaa, Isdori. Si ya kutajirisha mtu, na yale ya safu za chini yameliwa na ukungu wa mvua ya Aprili, lakini yamezaa, na nyumba hii inakula. Obed amekuja kutazama. Anapiga ntumba sasa hivi katika nusu ya shamba aliyobakiwa nayo, kwenye udongo mgumu wa kiangazi, wakati mbaya kabisa, kwa hasira tu.

Na Bundala amerudi. Nilimwona akitokea na mkokoteni, nikajua siku ya hukumu imefika. Nikaanza kusema, "Baba, kuhusu wale marehemu..." Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mama, mimi nimelima matuta kwetu kabla sijaota ndevu. Unadhani sijui udongo uliofunika majani?"

"Sasa mbona ulivua kofia?"

"Nilivua nikuone vizuri. Nilitaka kujua utadanganya mpaka wapi." Akacheka, ana meno mazuri. "Halafu nikaenda Majengo nikasema ni makaburi. Nikajisemea, ndugu akicheka na kusema ni matuta tu, basi walikuwa wameelewana na dada yake, nami nina haki yangu. Asipocheka, basi kuna mtu ameuziwa kilicho cha mwenzake. Nasikia alipokea rambirambi."

Tazama watu wawili wazima walivyodanganyana ukingoni mwa shamba, na wa tatu akalipia mchele.

Nilimpa togwa, akaeleza. Kwao malisho yalikauka, wakahama na ng'ombe mpaka bondeni huku Rukwa, na bondeni nako maji yanawakimbia na watu wanawakimbiza. Amechoka kupima mashamba ya watu kwa hatua. Tumekubaliana hivi: baada ya kuvuna, ng'ombe wake watalala shambani kwa mama, wakila mabua na maganda ya maharage. Samadi ibaki kwangu. Nyasi za ukingoni azichukue. Mwezi wa kumi na mbili, nikibomoa ntumba kupanda ulezi, vijana wake watanisaidia, na nusu moja nitapanda mahindi, ndiyo, hata ya kwako mekundu kidogo, lakini si yote, na si siku moja. Mengine mvua ya kwanza, mengine ya pili. Mihogo ukingoni. Sijui mvua ya mwakani itakuja na tabia gani. Wewe hujui, bwana shamba hajui, na yule wa mashine ya picha anajua mpaka mwaka elfu mbili na hamsini lakini hajui Novemba. Basi nitapanda kama mtu asiyejua. Na kama mwakani nitakuwepo hapo kupanda, hilo liko kwako, si kwa mvua.

Umeniomba niandike kwa Jumuiya yenu. Nitaandika. Padri wetu anakwenda Sumbawanga mwanzoni mwa Julai, atasoma tangazo langu baada ya misa. Lakini mimi ni mwanamke niliyeungama juzijuzi na siwezi tena kunyamaza nusu. Nikisema hakuna aliyekufa, nitasema pia nani alikuja na plau, na nani alimwambia shamba halina mtu.

Au uje wewe. Usimame mbele ya mwenyekiti wa kijiji na wazee wa ukoo, useme shamba la mama ni la Epifania, na baada yangu ni la Kalista. Ukisema hayo, sitakuwa na tangazo. Marehemu wako watabaki marehemu, na fundi baiskeli ataendelea kukupungia mkono.

Sikuchukii. Ningekuchukia ningekuacha ufiwe zaidi.

Dada yako anayekuombea kila siku, hata zile siku ambazo sikutaka,
Epifania


Majengo, 1 Julai 1997

Dada,

Salamu nitazileta mwenyewe Jumamosi kwa basi la asubuhi.

Waite mwenyekiti na wazee, wakae shambani, sio nyumbani. Nitasema kama ulivyotaka, na nitasema kwa Kifipa ili asiwepo wa kudai hakuelewa. Nitasema mara moja tu. Wasiniulize kwa nini.

Padri asisome kitu.

Herieth anakuja, amenunua jembe, halina mpini. Tutakaa wiki nzima. Duka nimelifunga, na sijaweka tangazo mlangoni, kwa sababu tangu Februari hakuna mtu aliyeingia isipokuwa kunipa pole.

Isdori